Fumbo Alilolifunga Bi Wahida

Bi Wahida binti Alawi alijulikana Bagamoyo kwa mambo mawili, hesabu na mafumbo. Hesabu alizifundisha mpaka alipostaafu, na walikuwapo watu wazima mjini, wenye ndevu na watoto wao, ambao wakikutana naye njiani walinyoosha migongo kana kwamba amewauliza saba mara nane. Mafumbo hakuyafundisha. Hayo aliyatunga tu, akawaachia watu wahangaike nayo.

Mumewe, Mzee Mahmoud, alikuwa na duka la rangi na misumari upande wa mbele wa nyumba yao ya Mji Mkongwe hapo Bagamoyo. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kufungua fumbo hata moja. Alijaribu siku za mwanzo, walipokuwa wachumba, maana Wahida alimletea maneno yaliyovurugwa kwenye vipande vya karatasi na kumwambia humo ndani mna salamu zake. Mahmoud alikaa navyo wiki nzima asione salamu. Mwishowe alimwendea akamwambia, "Bibiye, mimi nakupenda kwa Kiswahili hiki hiki kinachosemwa na watu." Wahida alicheka mpaka akajishika mbavu, na harusi ikafanyika.

Asili ya mafumbo hayo ilikuwa Pangani, alikozaliwa. Yeye na dada yake Raya walikuwa wakisema kinyume, kama wasemavyo watoto wengi wa pwani, kuligeuza neno silabi ya mwisho ikatangulia, samaki akawa kimasa. Mama yao naye alikulia pwani, kwa hiyo siri zao zote alizisikia na bakora zao wakazipata. Wahida akafikiri. Akaongeza hatua nyingine juu ya ile ya kugeuza, hatua aliyoitunga mwenyewe, na tangu siku hiyo mama yao hakuambulia kitu. Raya alifariki angali msichana, kwa homa. Ile njia ikabaki na mtu mmoja duniani.

Alipokuwa mwalimu aliandika fumbo ubaoni kila Ijumaa. Alipostaafu akafunguliwa kundi la WhatsApp, likaitwa Fumbo la Ijumaa, wakaingia watu wa Bagamoyo, wa Lugoba, wa Pangani, mpaka Waswahili walioko Maskati. Asubuhi alituma mstari wa maneno yasiyoeleweka pamoja na dokezo dogo. Watu walikisia. Ijumaa ya pili alitoa jibu, lakini namna jibu lilivyopatikana hakuitaja. Kilichowachosha zaidi ni kwamba ukidhani umegundua kitu wiki hii, wiki ijayo hakikusaidii. Aliyekisia sawasawa alipelekewa bakuli la halua, na wapo walioila halua hiyo bila kujua walipatia vipi.

Mmoja tu ndiye aliyethubutu kumkosoa, naye alikuwa Osama, mwanafunzi wake wa zamani aliyekwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta na kupata kazi huko. Alikuja kumwamkia sikukuu moja, akaketi barazani, akazunguka maneno weee, halafu akasema.

"Mwalimu, niwie radhi. Siku hizi siri hazifungwi hivi. Njia huachwa wazi, kila mtu akaijua. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake, kineno au namba. Ufunguo ukipotea unatengeneza mwingine. Lakini wewe umeificha njia yenyewe. Siku mtu akiijua, mafumbo yako yote ya miaka yote yamekwisha."

"Na nani ataijua?" Bi Wahida aliuliza, akimmiminia kahawa.

"Sijui. Lakini pia, Mungu akupe umri, siku haupo tena hakuna atakayeweza kuyasoma."

"Basi watasoma vitabu," alisema Bi Wahida. "Kula kashata."

Mzee Mahmoud alikuwa dukani akiwasikia, akatabasamu peke yake. Alijivunia mke wake kuwa na kitu kichwani ambacho hata wasomi wa mjini hawakukifikia. Mara chache, na hili hakumwambia mtu, kitu hicho kilimuuma kidogo. Ilikuwa kama kuishi na mtu mwenye chumba ambacho hukuwahi kukaribishwa.

Kusahau kulianza polepole, kwa vitu vya kuchekesha. Alitia sukari kwenye mchuzi. Alimwita binti yao Nunu kwa jina la Raya. Alikwenda sokoni akarudi mikono mitupu, akasema soko limefungwa, na soko lilikuwa wazi. Mahmoud alisema ni uzee, na kila mtu ana zamu yake. Kwenye kundi la Ijumaa watu walianza kunong'ona kwamba mafumbo ya Mwalimu yamekuwa magumu kupita kiasi, mpaka akiwapa jibu lenyewe halifanani na fumbo hata kwa urefu.

Ijumaa moja hakutuma fumbo kwenye kundi. Alikaa ukumbini tangu asubuhi, simu mkononi, miwani imeshuka puani. Mahmoud alikuwa dukani akichanganya rangi ya fundi mmoja aliyekuwa na haraka.

"Baba Nunu!" aliita kutoka ndani. "Leo mwezi umefika ngapi?"

"Saba," alijibu Mahmoud. Yeye alikuwa mtu wa kufuatilia mwandamo, na mkewe alimuuliza swali hilo kila Ijumaa tangu walipooana. Alidhani anauliza kwa ajili ya funga za sunna.

Haukupita muda, akaita tena. "Baba Nunu, mwezi ngapi leo?"

"Saba, nimekwambia."

Wateja wakaongezeka. Fundi akalalamika rangi imekolea mno. Sauti ikatoka ndani mara nyingine, safari hii ya chini, kama ya mtu anayeona haya kuuliza. "Baba Nunu. Mwezi ngapi?"

"Mama Nunu, hebu niache nifanye kazi!" alisema Mahmoud, na watu dukani wakacheka.

Hakuitwa tena. Adhuhuri alipoingia ndani kutawadha, simu yake ilikuwa na ujumbe kutoka kwa mkewe, mstari baada ya mstari wa herufi zisizosomeka.

"Hili si la kundi," alisema Bi Wahida. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa akitabasamu. "Hili ni lako peke yako."

"Wewe unajua mimi haya siyawezi."

"Utaliweza. Siku ukilihitaji, utaliweza."

Mahmoud alikwenda msikitini. Aliporudi walikula, na fumbo likabaki ndani ya simu.

Halafu mambo yalikwenda mbio. Kabla ya mwaka kugeuka Bi Wahida alikuwa hajui njia ya kutoka chumbani kwenda jikoni. Daktari aliwaonyesha picha ya ubongo na kuwaambia huu ni ugonjwa, si uzee mtupu, na kwamba dawa zitapunguza mwendo wake lakini hazitaurudisha nyuma. Mwaija, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akawa anakuja kumwogesha na kumsuka. Kutwa nzima Bi Wahida alisema anataka kwenda kwao. Mahmoud akimuuliza kwao wapi, mara alisema Pangani, mara alisema hapa hapa Bagamoyo, naye amekaa katikati ya ukumbi wake mwenyewe.

Siku moja alitoka. Mahmoud alikuwa amegeuka kuchukua kopo la rangi kwenye rafu, aliporudi mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mji mzima ulimtafuta, vijana wakaenda hadi ufukweni, misikiti ikatangaza. Jioni simu ililia. Bi Wahida alikuwa Kerege, mbali kwenye njia ya Dar es Salaam, ameketi kwenye benchi la mama muuza chapati kando ya barabara kuu, kiatu mguu mmoja. Mama yule aliwahi kusoma kwake, ndiyo maana alimtambua. Alisema Mwalimu alifika akamwomba amwonyeshe gari la kwenda kwao, na alipoulizwa kwao ni wapi akaanza kulia.

Nunu alifika usiku ule ule kutoka Tegeta, Dar es Salaam, alikokuwa ameolewa.

"Baba, nampeleka kwangu," alisema. "Kuna geti, kuna dada wa kazi, hospitali iko karibu. Hapa mlango mmoja unatazama barabara na mwingine bahari. Utamlinda vipi na duka?"

"Mama yako ataondokaje kwenye nyumba yake?"

"Nyumba yake haijui tena, Baba."

"Anaijua. Kuna saa anaijua."

"Ningejua anataka nini mwenyewe ningefanya hicho hicho," alisema Nunu. "Lakini hakutwambia."

Hapo ndipo Mzee Mahmoud alipokumbuka lile fumbo. Siku ukilihitaji. Aliitoa simu, akalitafuta mpaka akalipata, akamwonyesha binti yake. Nunu alilitazama, akakaa kitako sakafuni. "Mama alijua," alisema. "Alijua anaumwa."

Walimwita Osama. Alikuja mwisho wa wiki na kompyuta yake. Kabla ya yote aliingia chumbani, akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu." Bi Wahida alimwitikia vizuri, akamuuliza ni mtoto wa nani, na akamuuliza tena, na tena.

Osama alikusanya mafumbo ya nyuma yaliyobaki kwenye kundi pamoja na majibu yake, akayapanga sambamba. Kugeuza silabi hakukumsumbua. Alisema alilijua hilo tangu zamani ila aliona si adabu kusema. Kilichomshinda kilikuwa irabu. Zilibadilika kila wiki, na hakuona zinafuata nini. Alijaribu tarehe, alijaribu namba ya wiki, alijaribu urefu wa fumbo. Siku ya kwanza ikaisha patupu.

Siku ya pili Mzee Mahmoud alimletea chai, akasimama nyuma yake akitazama asichokielewa.

"Mzee, Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuwa akifanya nini kabla ya kutuma?" Osama aliuliza. "Alifungua kitabu? Alitazama kalenda?"

"Hakufungua chochote. Aliswali, akanywa chai, akaniuliza mwezi ngapi, akaketi."

"Mwezi wa Julai, Agosti?"

"Mwezi wa angani, mwanangu. Mwandamo."

Osama alimtazama, kisha akaigeukia kompyuta. Alichukua fumbo la zamani, akatafuta siku ile mwezi ulikuwa wa ngapi, akazirudisha irabu nyuma kiasi hicho. Maneno yakatoka safi. Akachukua la pili, likatoka. La tatu, likatoka.

"Ni hivi, Mzee," alieleza, akiwa amesimama kwa furaha. "Samaki analigeuza kuwa kimasa. Halafu kila irabu anaisogeza mbele, a, e, i, o, u, kadiri ya tarehe ya mwezi, ikifika mwisho inaanza tena. Mwezi mosi, kimasa inakuwa komese. Mwezi pili inakuwa kumisi. Neno ni lile lile, kila Ijumaa lina sura nyingine. Na ufunguo alikuwa akiuchukua kwako!"

Mzee Mahmoud alikwenda akaketi kwenye kiti cha mkewe pale ukumbini. Miaka yote ile alijiona yuko nje ya chumba kile, kumbe kila Ijumaa mlango aliufungua yeye. Alitaka kumwita amwambie, Mama Nunu, nimeijua, nimeijua njia yako. Alimsikia upande wa pili wa ukuta akimwuliza Mwaija kama watoto wamerudi shule.

"Sasa lile la kwako," alisema Osama. "Unakumbuka ilikuwa mwezi ngapi?"

"Saba," alisema Mahmoud. Hilo hakuhitaji kulifikiri.

Osama aliandika. Nunu akasogea. Kwenye kioo yakaanza kutokea maneno, na Osama akayasoma kwa sauti ndogo.

"Mume wangu. Kichwa changu kinaniacha, nami najua. Usione haya kwa ajili yangu. Siku nitakapoisahau nyumba hii naomba..."

Akaisogelea kompyuta.

"Naomba nini?" Mahmoud aliuliza.

"Ngoja, Mzee."

Baada ya hapo maneno yalikuwa hayatoki. Osama alijaribu mwezi sita, mwezi nane, akajaribu misogeo yote ya irabu. Silabi nyingine zilionekana zimesogezwa kwa tarehe hii, nyingine kwa tarehe ile, nyingine hazikugeuzwa kabisa, na mahali pengine silabi moja ilirudiwa mara nyingi, kama mtu aliyefika mahali akasahau alikuwa akielekea wapi. Alifanya kazi mpaka chai ikapoa. Mwisho aliiegemeza mikono yake mezani.

"Alianza na saba," alisema taratibu. "Katikati tarehe ikampotea. Akaweka nyingine, kisha nyingine. Hata yeye mwenyewe asingeweza kulisoma hili, Mzee. Halikufungwa. Limevurugika."

Mahmoud aliona duka lake, fundi mwenye haraka, kopo la rangi. Aliisikia ile sauti ya tatu iliyotoka ndani ikiwa na haya. Hebu niache nifanye kazi. Aliziba uso kwa viganja vyake, na Nunu, ambaye hakujua sababu, akamshika bega akidhani analia kwa ajili ya mama.

"Kuna neno moja," alisema Osama baada ya muda. "Huku karibu na mwisho. Limetoka zima. Nipeleke."

"Nipeleke wapi?" Nunu aliruka.

"Kinachofuata kimeharibika. Na..." Osama alisita. "Na kabla yake zipo silabi mbili, nazo zimeharibika, na nafasi kati ya maneno hakuiacha. Zinaweza kuwa mwisho wa neno lililopita. Au zinaweza kuwa usi."

Kila mmoja aliliunganisha neno hilo moyoni mwake. Nipeleke. Usinipeleke. Hakuna aliyelitamka.

Jioni Mahmoud alikwenda kuketi kitandani kwa mkewe. Alimwonyesha kioo cha simu, ule mstari wa mwisho.

"Mama Nunu, hapa uliandika nini?"

Bi Wahida alivaa miwani yake kwa uangalifu wa kiualimu, akaufuata mstari kwa kidole. Uso wake ulikunjamana, na kwa kitambo Mahmoud aliyaona macho yale ya zamani yakihesabu. Akangoja.

"Huyu mtoto," alisema Bi Wahida, akimrudishia simu, "hakusikiliza darasani. Mwambie aanze upya."

Osama aliondoka kesho yake. Mlangoni aliuliza kama awaeleze watu wa kundi njia ya Mwalimu, sasa imejulikana. Mzee Mahmoud alifikiri kidogo, akasema, "Waache wahangaike," na wote wawili wakajikuta wanacheka, kisha hawakuweza kutazamana.

Mahmoud alimbakisha mkewe nyumbani. Alijiambia neno lilikuwa usinipeleke, na wiki kadhaa aliliamini. Alifunga komeo mlango wa nyuma, akahamishia kiti chake cha duka ukumbini, akawa anauza dirishani. Lakini mvua za masika zilipoanza Bi Wahida alifungua jiko la gesi akasahau kiberiti, na kama si Mwaija kunusa harufu kutoka kwake, wangezikwa wote wawili siku moja. Usiku huo Mahmoud alilirudia fumbo kichwani, na safari hii akalisoma nipeleke. Hakujua kama ni yeye aliyesoma au ni hofu yake. Asubuhi alimpigia Nunu simu.

Hakumwacha aende peke yake. Duka alimkabidhi mpwa wake, nyumba akaifunga, wakahamia Tegeta pamoja, kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama tangi la maji la jirani. Siku za kwanza Bi Wahida alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika mkoba wake, tayari kwa safari, akiuliza gari litafika saa ngapi. Mahmoud alimwambia litafika. Baada ya muda aliacha kuuliza, na hilo likamuuma Mahmoud zaidi.

Akajizoeza kumlisha, kumkata kucha, kumsomea Yasini, ambayo bado aliifuata kwa midomo bila kukosea. Ijumaa, wakishakunywa chai, alimwambia mwezi umefika ngapi, bila kuulizwa. "Ahaa," alisema Bi Wahida kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za jamaa za watu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu Mahmoud aliingia na bakuli la uji. Bi Wahida alikuwa amekwisha amka, amejitanda mtandio wake vizuri, amekaa wima. Alipomwona alijivuta kando kumpisha mgeni nafasi ya kukaa, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofunzwa msichana wa Pangani mbele ya watu wazima.

"Shikamoo," alisema.

Mzee Mahmoud alisimama na bakuli mkononi. Mke na mume wa rika lao hawaamkiani hivyo, na katika ndoa yao yote hakuwahi kuisikia shikamoo kinywani mwake. Alitaka kumwambia mimi ni mumeo. Alikwisha kumwambia siku nyingine, na mara ile mkewe aliogopa, akajikunyata ukutani mpaka Nunu alipokuja kumtuliza. Leo alikuwa ametulia, anangoja kuitikiwa.

"Marahaba," alisema Mahmoud. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba."

Akaketi pale alipopishwa, akakoroga uji mpaka ukapoa, akaanza kumlisha.